Pete za Chuma za Kichochoro cha Nyumbu

Gubbio, 12 Januari 2004

Mpwa wangu Ornella,

Nimemaliza mafumbo yako yote saba kwa asubuhi moja, kwa miguu yangu hii hii, bila kukaa, bila kuuliza mtu, kisha nikarudi nyumbani nikapasua kuni za wiki nzima. Mtu wa miaka themanini na moja! Kaiandike hiyo kwenye kijitabu chako, ukurasa wa mbele.

Haya, kuni sikupasua. Kuni nililetewa na mkwe wa Ilde, jirani yangu, zikiwa zimeshapasuliwa. Na asubuhi zilikuwa mbili. Na nilikaa, kama mara tatu hivi, ila nilikaa kwa kutaka mwenyewe. Nakwambia mapema usije ukasema mjomba wako mwongo.

Huku tu wazima. Theluji ilianguka siku ya Mamajusi ikakaa siku nne. Paka amenenepa mpaka mlangoni anapita kwa awamu, kichwa leo, mkia kesho. Mama yako alipiga simu Jumapili kutoka Foligno. Nilisikia "Armido" mwanzoni na "masista" mwishoni, ya katikati yote yakapotelea kwenye waya. Wajua mimi na simu hatuelewani tangu masikio yangu yalipostaafu, ndiyo maana wewe nakuandikia. Msalimie mumeo Duilio na goti lake.

Sasa kazi. Barua yako ninayo hapa mezani, chini ya kikombe. Umesema unatunga kijitabu cha mafumbo ili wageni wajitembelee mji wetu wenyewe, bila kiongozi: wanasoma fumbo, wanatafuta, wanahesabu, jibu linawapeleka kwenye fumbo linalofuata. Umesema unahitaji mwenyeji wa kukijaribu kabla ya kupelekwa kwa mchapaji. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za wakili, umesema nikimaliza matembezi yote peke yangu, utamwambia mama yako aache habari ya kunipeleka kwenye nyumba ya wazee ya masista kule bondeni. Nimelisoma hilo mara nne. Nimeishia darasa la tano, lakini kusoma kinachonihusu najua.

Majibu haya hapa. La kwanza, madirisha ya juu ya lile jumba uwanjani: sita. La pili, mwaka uliochongwa juu ya mlango wa mfinyanzi: nimekuandikia nyuma ya karatasi. La tatu, lile la "Walifika na mizigo, wakalala wamesimama; hesabu pete za chuma ukutani, nyumbu wangapi walipata nafasi?": saba. Hilo ni la kitoto, wewe. Kichochoro cha Nyumbu nimekulia humo, pete hizo nimezibembea kabla sijaota meno ya utu uzima. La nne na la tano nayo yako nyuma. La sita, "mlango ambao aliye hai haupiti": ni mlango wa maiti, ule mwembamba kando ya mlango mkubwa, ambao wazee walisema hupitishwa jeneza tu. Nimejipima kwa macho. Kwa tumbo nililo nalo sipiti, kwa hiyo kufa haiwezekani kwa sasa.

La saba nimeliruka, kwa sababu halinihusu.

Mwambie mama yako basi. Na uniambie amejibu nini, neno kwa neno.

Mjomba wako,
Armido


Trieste, 29 Januari 2004

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi kusikia u mzima, na paka pia. Hapa upepo wa Bora umevuma siku tano, umeng'oa vigae vya jirani, na shuleni tulifundisha madirisha yakigonga kama watu waliochelewa. Mama hajambo ila mgongo. Duilio hajambo.

Majibu yako nimeyapitia. Matano ni sawa. Moja si sawa, na moja halipo.

Pete za Kichochoro cha Nyumbu ni nne, Mjomba. Zilikuwa saba. Tatu ziling'olewa walipoutengeneza ule ukuta, na ukuta ulitengenezwa miaka mitano iliyopita. Nilipita hapo Septemba nikazipiga picha. Siku ile nilikuomba twende pamoja, ukasema huwezi kuacha maharage motoni. Nilifunua sufuria ulipotoka, Mjomba. Halikuwa na kitu.

Kile kichochoro kiko hatua arobaini kutoka mlangoni pako, na ndiyo njia ya kupandia uwanjani. Kwa hiyo nauliza, na naomba unijibu vizuri: una miaka mingapi hujapanda? Maana mkate uko chini, Ilde yuko kando, na barua unampa postaman mkononi. Majibu haya umeyatoa kitini.

Wageni wangefuata zile saba zako wangefika kwenye banda la kuku la mtu.

Sijamwambia Mama chochote bado.

Mpwa wako,
Ornella


Gubbio, 4 Machi 2004

Ornella,

Umeona nimechelewa kujibu. Kwanza kulikuwa na barafu. Halafu stempu ziliisha. Halafu paka alilala juu ya karatasi na mimi si mtu wa kumwamsha mtu. Ilde anakusalimu, amekaanga mkate wa brustengo jana, sahani imekuja hapa ya moto, imerudi tupu. Mzee wa kanisa la chini amekufa, Mungu amrehemu, alikuwa na sauti mbaya lakini alijitahidi.

Kuhusu hizo pete. Inawezekana mtu aliziiba tatu wakati nimeshamaliza kuhesabu. Watu wa siku hizi wanaiba chochote.

Haya, ukuta ulitengenezwa. Sikuwa na habari. Mtu akikaa mahali miaka themanini haendi kuhesabu, anajua. Wewe unaujua mkono wako una vidole vitano, umevihesabu leo? Kosa ni la ukuta, kuondoa pete bila kuniambia.

Kuhusu la saba, "Zunguka Chemchemi ya Wendawazimu mara tatu, na mzaliwa wa mji ashuhudie": mwanangu, hiyo ni ya wageni. Wao ndio wanaozunguka, wanamwagiwa maji, wanapewa Leseni ya Wendawazimu wakaitundike sebuleni kwao. Sisi tumezaliwa nayo. Hakuna mtu wa hapa anayezunguka ile chemchemi, kama vile hakuna samaki anayekata tiketi ya kuogelea. Nikionekana nikizunguka, Settimio kinyozi atacheka mpaka Krismasi.

Na sasa nauliza mimi. Mwaka jana uliniandikia nusu ukurasa mzima kuhusu goti la Duilio, mpaka nikalijua kuliko langu. Mwaka huu "Duilio hajambo", nukta. Hajambo vipi?

Armido


Trieste, 12 Machi 2004

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Poleni na msiba wa kanisani.

Sitazunguka kwa maneno. Mama ameshaandikisha jina lako kwa masista. Alifanya hivyo tangu Novemba, na mimi nilijua, na sikukuambia. Chumba kitapatikana baada ya Pasaka, wanataka jibu kabla ya tarehe ishirini Aprili. Mama hana ubaya, Mjomba. Ilde alimsimulia kwenye simu kwamba miaka mitano iliyopita ulianguka pale kichochoroni na Settimio ndiye aliyekuokota. Tangu hapo kila simu ikilia usiku Mama anakaa kitandani kabla hajaipokea.

Nilimwomba anipe nafasi moja. Nilimwambia: akiweza kupanda mpaka juu na kurudi, peke yake au kwa mkongojo, na akaniletea majibu yaliyoonwa kwa macho, basi hahitaji masista. Amekubali, lakini amesema hataki maneno yako, anataka ushahidi. Kwa hiyo lile la saba linakuhusu kuliko mtu yeyote. Zunguka mara tatu, na mzaliwa wa mji atie sahihi. Asiwe Ilde, Ilde atakutilia sahihi hata ukisema umevuka bahari kwa miguu.

Kuhusu Duilio, karatasi imeniishia.

Ornella


Gubbio, 2 Aprili 2004

Mpwa wangu Ornella,

Karatasi yako imekuishia ikiwa na nusu ukurasa mweupe chini. Nimeupima kwa kidole. Lakini sijauliza.

Ilde hajambo, mdomo wake pia. Nimemwambia simu zake kwa mama yako ziwe fupi. Mlozi wa bustanini umetoa maua, matatu.

Nimetoka Jumatatu, saa nne asubuhi, jua likiwa upande wa kwetu. Niliuchukua ule mkongojo ambao mama yako aliniletea na ambao mpaka siku hiyo ulikuwa unazuia mlango wa stoo. Hatua arobaini umesema? Ni hamsini na tatu. Wewe una miguu mirefu.

Pete ni nne. Nilizigusa kwa kidole, moja moja, nikarudia. Pale zilipokuwa tatu wamepaka saruji, panaonekana kama ufizi baada ya kung'olewa meno. Nilikuwa nimesimama hapo nikishika ya nne, kushika tu, wala si kujishikilia, nikasikia nyuma yangu:

"Ahaa! Mtakatifu Ubaldo ameshuka duniani!"

Settimio. Yule kinyozi. Amefunga duka lake la kunyolea miaka kumi sasa lakini kiti bado kiko mlangoni na yeye bado yuko juu ya kiti. Unakumbuka, yeye ni mtu wa Mtakatifu Giorgio na mimi wa Mtakatifu Ubaldo. Miaka ishirini na sita tumekimbia na Ceri mabegani kila sikukuu ya Mei, sisi mbele na mnara wetu wa mti, wao nyuma na wa kwao, na sheria ni kwamba Giorgio hampiti Ubaldo hata Ubaldo akitambaa. Kwa hiyo maisha yake yote Settimio ameona kisogo changu.

"Nyamaza, wewe wa pili," nikamwambia.

"Unaenda wapi na huo mguu wa tatu?"

"Kuhesabu."

"Kuhesabu nini?"

"Mambo ya mpwa wangu. Niache."

"Mara ya mwisho nilipokuacha ulilala hapo kama gunia la viazi. Nusu saa nakuinua, wewe unanitukana mimi na mtakatifu wangu."

Basi. Hilo ndilo neno. Miaka mitano nimezunguka kwa njia ya chini ili nisilisikie, na amelisema, kwa sauti, na dirisha la juu lilikuwa wazi na kuna mtu. Halafu hakuna kilichotokea. Njiwa walikuwa palepale. Settimio alikuwa anapiga chafya.

Sikukuambia nilianguka kwa sababu ungeniuliza maswali kama haya unayoniuliza.

"Nakuja na wewe," akasema.

"Haya, tangulia."

"Nitangulie? Giorgio mbele ya Ubaldo? Mama yangu atafufuka anizabe kofi!"

Akakaa nyuma. Tukapanda, mimi mbele, yeye hatua mbili nyuma, na kivuli chake kilikuwa kinanipita ubavuni, kwa hiyo nilimwona vizuri: ametanua mikono kama anayefukuza kuku kwenda bandani. Mtu akianguka kwenye mlima ule anaangukia nyuma, na yeye anajua, kwa sababu ndivyo nilivyoanguka. Sikugeuka. Tulisimama mara sita. Mara zote nilisimama mimi, na mara zote alisema ni yeye aliyechoka.

Madirisha ya jumba bado sita. Mwaka wa mfinyanzi ni uleule. Lakini la tano, Ornella! Umeandika, "Simba wa jiwe akiwa mbele yako, geuka kulia ushuke ngazi." Kulia hakuna ngazi. Kulia kuna ukuta. Ngazi ziko kushoto, zimekuwa kushoto tangu kabla ya babu yangu. Settimio aligeuka kulia kwa utii kabisa akabaki anautazama ukuta. "Mpwa wako anataka tupite humu?" akauliza. "Mwambie mimi si mzimu." Nadhani ulikuwa unaitazama ile picha yako kinyume, huko Trieste, kitini. Na mimi nilipokujibu la tano kutoka kitini kwangu sikuliona kosa, kwa sababu sikusoma maneno yako, nilijua tu. Basi tumekaa vitini wote wawili. Rekebisha kabla mchapaji hajakitia wino.

Chemchemini palikuwa na wanawake wawili wageni wenye kofia nyekundu. Raundi ya kwanza nilikwenda vizuri. Ya pili nilisimama katikati kumweleza Settimio kuhusu ukoo wake. Ya tatu ilikuwa ndefu. Ile chemchemi wameipanua, nina hakika. Nilipomaliza, wale wanawake walipiga makofi, na Settimio akachota maji kwa mkono akanimwagia kichwani, ya baridi ya Machi, akasema, "Sasa wewe mwendawazimu mara mbili, wa kuzaliwa na wa kusomea." Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chake. Hakucheka. Alinikausha sikio kwa leso yake, kama zamani akimaliza kuninyoa.

Cheti kimo ndani ya bahasha. Kimeandikwa kwa penseli ya kinyozi, maana kalamu ilikataa.

Mjomba wako,
Armido

(Karatasi ndogo iliyokunjwa:) Mimi Settimio, mzaliwa wa mtaa wa Mtakatifu Martino, nashuhudia kwamba Armido amezunguka mara tatu, kwa mkongojo. Raundi ya pili alisimama kunitukana. Hakushikwa na mtu. Alikuwa mbele muda wote.


Trieste, 19 Aprili 2004

Shikamoo Mjomba,

Pasaka ilikwendaje? Sisi tulikula kwa Mama, Foligno, mimi na yeye. Alinitolea karatasi ya Settimio kutoka kwenye mkoba wa kanisani, alikuwa anatembea nayo. Aliisoma tena mezani, akafika pale pa matusi, akacheka mpaka akashika mgongo. Kisha akasema, "Huyo ni Armido kweli, hiyo haikughushiwa."

Jana amewaandikia masista. Nakupa maneno yake neno kwa neno, kama ulivyotaka: "Kaka yangu amebadili mawazo kabla hajaulizwa, mpeni mwingine hicho chumba." Lakini ana sharti. Mkongojo usirudi stoo, na pawe na mtu anayelala nyumba ile. Si muuguzi. Mtu tu.

Kijitabu nimekirekebisha, la tatu na la tano. Asante kwa ukuta.

Ile nusu karatasi ya Machi, sasa naijaza. Duilio amehama tangu Novemba. Goti lake ni zima, ndiyo maana alikwenda mbali. Nyumba hii ya Trieste tunaiacha mwisho wa Juni. Shule ya Gubbio inahitaji mwalimu kuanzia Septemba, nimeomba, wamenikubali. Nilikuwa sijui niseme vipi bila kuonekana nimekutungia mafumbo ili nipate pa kulala. Mafumbo niliyatunga kwanza. Nakuapia.

Kile chumba cha juu bado kina vitunguu?

Ornella


Gubbio, 27 Aprili 2004

Mpwa wangu Ornella,

Marahaba. Pasaka ilikuwa njema, Settimio alikuja na mayai, akala yeye mengi zaidi. Paka anakusalimu kwa awamu.

Vitunguu nimevihamishia stoo, pale ulipokuwa mkongojo, maana mkongojo haukai huko tena, mwambie mama yako. Chumba cha juu kimefagiliwa. Dirisha linakwama, unalisukuma kwa bega. Kuhusu Duilio sina la kusema, na karatasi ninazo nyingi.

Hukunitungia mafumbo ili upate pa kulala. Na hata kama ulitunga, ulikosea njia: ungeuliza tu.

Sasa nina dai langu. Mwaka ule ulipokuwa na miaka minne, siku ya Ceri, ulilia huoni kitu. Mimi nilikuwa nimetoka zamu, bega langu limechubuka mpaka nyama, nikakuweka juu ya hilo hilo bega saa nzima. Ulipiga makofi kwenye kipara changu kila minara ilipopita. Mpaka leo hujanilipa.

Tarehe kumi na tano Mei nataka kupanda uwanjani kuziona Ceri zikisimamishwa. Miaka mitano nimewaambia watu ninatazama kutoka dirishani, na dirisha langu linatazama banda la kuku. Settimio atakuwa nyuma, hilo limeshapangwa, hakuna wa kumtoa. Lakini kushoto kwangu pale kichochoroni hakuna pete za kushika, zote ziko kulia.

Wewe unajua kila kijana anayekimbia na mnara wa Ceri begani ana mwenzake anayemshika mkono pembeni, hata awe na nguvu za ng'ombe. Hakuna anayemwita mzee kwa sababu hiyo. Nilishikwa mkono miaka ishirini na sita nikiwa nabeba, sijui kwa nini niliona haya nilipokuwa sibebi kitu.

Basi njoo tarehe kumi na nne, na siku ya pili yake unishike mkono wa kushoto. Usivute. Usiniulize kama nimechoka. Na huko juu kukiwa na watu mbele yetu, mwambie mmoja wao asogee kidogo, mimi nione.

Armido